Nipo Mlangoni mwa Ndege

Mdogo wangu tunamwita Nipo. Si jina alilopewa na baba. Alilipata akiwa bado anaburuta magauni yangu yaliyokuwa marefu kwake, kwa sababu kila alipoitwa aliitika kabla hujafunga mdomo: "Nipo." Mama akitafuta ungo, nipo. Baba akitafuta kiatu cha pili, nipo. Ndugu yetu wa kiume akitaka mtu wa kumshikia baiskeli mpaka ashike kasi, nipo. Watoto wengine wakiitwa hujitia uziwi, wakangoja mwito wa pili na wa tatu, ule unaokuja na fimbo. Huyu hakungoja. Watu wazima wakamsifu sana, na sifa zile amezibeba mgongoni mpaka mvi zikamtoka.

Tumezaliwa watatu. Mimi ndiye wa kwanza, akafuata huyo wa kiume, akafunga Nipo. Nipo humwita yule Kaka, na mimi, ingawa nimemlea kwa mgongo wangu, nikazoea kumwita Kaka vilevile. Kaka alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, mtu wa kucheka kwa sauti na kuacha harufu ya dizeli kwenye taulo za watu. Mimi nilikuwa fundi cherehani, nikaolewa, nikafiwa na mume, watoto wakaenda zao. Nipo hakuolewa. Alikuja mtu mmoja, fundi bomba, mtaratibu, akaja tena na tena, lakini kila wakianza kuzungumza sauti ya mama hutoka chumbani na Nipo huinuka. Mwishowe yule bwana alisema hawezi kuoa mtu ambaye kila saa yuko njiani. Akaoa kwingine. Nipo alinihadithia habari hiyo huku anakunja kanga, akamaliza kuikunja, akaiweka, akachukua nyingine.

Mama alianguka bafuni akavunjika nyonga, na mfupa haukuunga vizuri. Toka siku hiyo akawa mtu wa kitandani, nyumbani kwa Nipo, maana ndiko alikokuwa anaishi. Mama alikuwa na akili zake timamu na sauti yake yote. Aliita kwa ajili ya maji, kwa ajili ya mto, kwa ajili ya pazia, kwa ajili ya kujua nani kapita barabarani. Nipo, nipo, nipo. Hata mama alipokwisha kufariki na vitu vyake kugawanywa, siku moja mdogo wangu alikuwa jikoni kwangu, birika likachemka, kifuniko kikagongagonga, naye akasema, "Nipo," akainuka. Akasimama pale katikati ya jiko ameshika upindo wa gauni. Mimi nikajifanya natafuta sukari.

Hayo yote aliyafanya huku anafanya kazi. Alikuwa dobi katika hoteli ya ufukweni. Chumba cha udobi kiko nyuma kabisa, wageni hawafiki, na bahari mnaisikia tu kupitia tundu la feni ya kutolea mvuke. Yeye alikuwa wa mashine ya kunyoosha mashuka, ile yenye bomba refu la moto linalozunguka. Wawili hulisha shuka upande huu, wawili hulipokea upande wa pili, pembe kwa pembe, bila maneno mengi, kwa sababu ukigeuza uso shuka huingia kombo na kutoka na mkunjo wa kudumu. Mikono yake, kati ya kiwiko na kiganja, ina alama za moto zimepangana kama vipandio vya ngazi. Siku nzima amesimama. Akirudi nyumbani anavua viatu mlangoni, na kabla ya kuvua cha pili anaitwa.

Umri wa kustaafu ulipofika hoteli ilimfanyia sherehe ndogo kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi. Nilikwenda, nikakaa mstari wa mbele. Meneja alikuwa kijana mwenye tai na moyo mzuri, alisema maneno mengi kuhusu mashuka meupe. Nipo alikuwa ameniambia njiani, kwa sauti ya chini, kwamba wastaafu waliomtangulia walipewa godoro, godoro nene la hotelini, lililotolewa vyumbani lakini bado zima. Yeye alikuwa akilalia sponji lililobonyea katikati, ukilala unajikuta umekunjwa kama barua. Alikuwa ameshapima mlango kwa kamba ili ajue litapitaje.

Meneja akamkabidhi bahasha. Ndani ya bahasha mlikuwa na kadi yenye picha ya watu wawili wamefungwa pamoja wanaanguka kutoka angani, wamefungua midomo.

Karibu na hoteli ile kuna kiwanja cha ndege ndogo, na hapo pana watu wanaorusha wageni kwa parachuti juu ya pwani. Mgeni asiye na ujuzi hufungwa kifuani kwa mwalimu, wakaruka wawili kwa mwavuli mmoja. Udobi ndio uliokuwa ukiwafulia suti zao za kurukia, na wenye kampuni walitaka kuonyesha shukrani kwa yule aliyezifua. Meneja alidhani amempa kitu kikubwa kuliko godoro. Watu walipiga makofi.

Nipo aliitazama kadi, akanigeukia, akanong'ona, "Dada, hii haiwezi kubadilishwa?"

"Na nini?"

"Na godoro."

Nikamwambia anyamaze, watu wanapiga picha.

Sasa katika wiki zile zile ndipo habari ya Kaka ilipoiva. Kaka alikuwa amepata kiharusi. Upande wa kushoto ukalegea, mdomo ukavutwa, mkono ukawa wa kubebwa na mwenzake. Alikuwa kwa mwanawe, fundi wa majokofu, na mkewe. Yule kijana akahamishwa kikazi mji mwingine, na huko amepata chumba kimoja cha kupanga, ghorofani, ngazi tupu. Hakuwa mtoto mbaya. Hakuwa na pa kumweka baba yake, basi. Akaitisha kikao cha familia siku ya Jumapili alasiri, nyumbani kwa Nipo, kuamua mzee atakaa kwa nani.

Kitanda kilitangulia kikao. Siku chache kabla, kijana alikileta kwa gari la kazini, kimefunguliwa vipande, akakiegemeza ukutani kwenye korido ya Nipo, na godoro la Kaka juu yake limefungwa kamba. "Shangazi, nakiweka tu, gari nimeazimwa leo," alisema. Nipo akasema sawa. Toka siku hiyo akawa anakwenda jikoni kwa ubavu. Nilipomtembelea nikapita kwa ubavu vilevile, chai ikanimwagikia mkononi.

"Umewaambia kitu?" nikamuuliza.

"Niwaambie nini?"

"Kama unataka au hutaki."

Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akajikanda magoti. "Dada, mimi nimechoka mpaka kwenye meno," alisema. "Nataka nikae mahali nisiitwe. Hata mwezi mmoja." Kisha akainuka kuniongezea chai, na mimi sikuwa nimeomba.

Kuruka kuliangukia Jumamosi, siku moja kabla ya kikao. Nilikwenda naye kwa sababu kadi ilisema aje na mtu wa karibu. Nilivaa viatu vyangu vya kufunga na kilemba kizuri, kwani sijui mtu anavaa nini kwenda kutazama ndugu yake akitupwa. Kiwanja chenyewe ni banda la mabati lililo wazi upande mmoja, viti vya plastiki, turubai kubwa limetandikwa chini na mtu mnene aliyepiga magoti juu yake anakunja mwavuli, anaukamua hewa kwa tumbo lake. Mbele ya banda kuna uwanja wa nyasi, na baada ya nyasi ni mchanga, na baada ya mchanga ni bahari.

Mwalimu wa kuruka alikuwa mtu wa makamo, mkavu, masikio yameungua na jua. "Shikamoo, mama," alimwambia Nipo, "na wewe pia, mama mkubwa." Wakampima presha, wakampima uzito, wakamvika suti. Nipo akaigeuza kola akaitazama kwa ndani. "Hii nimeifua mimi," alisema, na hiyo ndiyo furaha pekee niliyoiona usoni mwake asubuhi ile.

Mafunzo yalikuwa mafupi. Alimkalisha kwenye ukingo wa benchi, akamwambia, "Tukikaribia chini nitasema miguu. Ukisikia miguu, unainua yote miwili juu mbele yako, hivi, na unaiacha huko. Usijaribu kusimama. Kutua ni kazi yangu. Wewe kazi yako ni kuinua miguu."

"Nisikusaidie hata kidogo?"

"Ukinisaidia utavunjika."

Akafanya mazoezi. Kila akiinua miguu, mguu mmoja ulirudi chini wenyewe kutafuta ardhi. Mwalimu akasema tena. Ukarudi tena. "Huu mguu mtiifu sana," alisema mwalimu.

"Umefanya kazi hotelini," nikamjibu.

Halafu akaja kwenye jambo ambalo kwao wenyewe ni kama sheria. Alisema kule juu, mlango ukishafunguliwa, kabla hawajatoka, yeye humwuliza mgeni mara moja: uko tayari? Mgeni ajibu kwa mdomo wake mwenyewe, ndiyo au hapana. Kichwa hakihesabiwi, kidole hakihesabiwi. Akisema ndiyo, wanatoka. Akisema hapana, wanarudi na ndege. Hakuna anayembembeleza, hakuna anayemwuliza sababu, na chini hakuna anayecheka.

"Kwa hiyo nikikuuliza uko tayari, utajibu nini?"

"Nipo," alisema mdogo wangu.

Mkunja miavuli akacheka kwa pua. Mwalimu hakucheka. "Nipo si jibu, mama. Najua upo, umefungwa kifuani kwangu. Ndiyo au hapana."

"Ndiyo."

"Vizuri. Sasa sema hapana."

"Kwa nini, na mimi sijakataa?"

"Ndiyo ya mtu asiyeweza kusema hapana siiamini. Nataka nisikie kama unazo zote mbili. Sema."

Nipo alinitazama. Nikatazama bahari.

"Hapana, samahani mwanangu," alisema.

"Samahani toa."

"Hapana, labda baadaye."

"Labda toa. Baadaye toa."

"Hapana, kama wewe unaona…"

"Mama, mimi sioni chochote. Ni neno moja."

Ilimchukua muda, nisiseme uongo. Mtu amezeeka na neno hilo lipo kinywani mwa kila mtu, hata mtoto wa kunyonya analijua kabla ya kujua jina la mama yake, na yeye alilitafuta kama mtu anayepapasa ufunguo chini ya mkeka. Alilitoa likiwa dogo. Mwalimu akamwambia kule juu kuna upepo, alitoe tena. Akalitoa. Akalitoa tena. Mara ya mwisho mkunja miavuli aliinua kichwa kutoka kwenye kazi yake.

Ndege ilipaa na watu kadhaa, wengine vijana waliokuwa wakipigana mabega kwa furaha. Nikavuta kiti mpaka kwenye nyasi, nikaketi, magoti yananiuma, shingo nimeipindua juu. Ndege ikawa nzi, ikawa nukta. Kisha miavuli ikaanza kufunguka, mwekundu, wa buluu, wa njano, ikashuka ikizungukazunguka, na watu wakatua mmoja mmoja wakicheka na kukumbatiana. Nikamtafuta wangu. Wote walitua, yeye hayumo. Angani hapakuwa na kitu kingine. Nilisimama bila kujua nimesimama.

Ndege ikaja ikatua yenyewe. Mlango ukafunguliwa, akatoka mwalimu, akampa mkono Nipo akashuka, miwani ya plastiki imempanda kwenye paji la uso. Alitembea taratibu mpaka kwenye banda akaketi. Mkunja miavuli alifungua mdomo aseme kitu, mwalimu akamtazama, akaufunga, akaendelea kukunja.

"Nafasi yako ipo kwenye ndege inayofuata, mama," mwalimu alisema. "Ukitaka. Usipotaka, chai ipo pale." Akaenda kunywa maji.

Nikamwinamia. "Uliogopa?"

"Sijui. Hakuniuliza kama naogopa."

"Sasa kilichokurudisha nini?"

Akafikiri. "Alipouliza, nikasema hapana. Nilitaka nione kama ni kweli."

"Kweli nini?"

"Kwamba ukisema, wanakuacha." Alikuwa anaongea polepole kama mtu aliyeamka sasa hivi. "Dada, alirudi nyuma palepale. Akampigia rubani kelele, mlango ukafungwa. Ndege nzima, dada, na mafuta yake, ikageuka. Hawakuuliza kitu. Yule rubani hata hakugeuza shingo."

"Na ulipoona hivyo?"

"Nilipoona hivyo nikamwambia haya, twende basi. Akasema hapana." Akatabasamu kidogo, upande mmoja. "Akasema neno la mlangoni halibadilishwi mlangoni. Nikaona sawa."

Akanywa maji. Akaomba kwenda na ndege iliyofuata.

Yaliyotokea mara ya pili ninayo kwa vipande, vingine kutoka kwake, vingine kwa mwalimu, na cha mwisho nilikiona mwenyewe. Anasema ndani ya ndege hakuna viti, mnakaa sakafuni mmoja mbele ya magoti ya mwenzake, na baridi inapanda kutoka kwenye chuma. Mwalimu alimfunga kulabu moja moja, kila akifunga anamgonga begani na kumwambia imeshika. Mlango ukavutwa juu. Akauliza. Safari hii Nipo akasema ndiyo, na anasema ilitoka nene, yenye mwili.

Kuanguka, anasema, hakukuwa kama kuanguka kitandani au ngazini, kwamba tumbo linakukimbia. Ilikuwa kama mtu amekupokonya kwa mpigo kila kitu ulichokishika. Mashavu yalipepea mpaka akasikia upepo kwenye meno. Na kelele. "Kelele ile, dada, hata mtu angeniita nisingemsikia," alisema. "Hata mama."

Kisha mwavuli ukafunguka, ukawavuta juu, na kimya kikaingia. Mwalimu akamlegezea mikanda kidogo akae vizuri, akamwonyesha. Ule mstari mweupe ni mawimbi yanayovunjika kwenye mwamba. Yale maji meusi ni kina kirefu. Kule ni hoteli yenu. Nipo akaona paa, na nyuma ya paa akaona ua wa kuanikia, mashuka yamepangwa kwenye kamba, madogo, kama punje za mchele juu ya ukucha. Akamwambia mwalimu, "Pale pote nilipotembea mimi, pangefunikwa na sahani moja."

Mwalimu akaendelea kumweleza habari za upepo. Akamwuliza kama anataka kushika kamba za kuongozea. Hakujibiwa. "Mama?" Hakuna nipo, hakuna chochote. Yule bwana aliniambia mwenyewe kwamba hapo alijua presha imemwua mtu wa watu mikononi mwake. Akainama akamtazama usoni. Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea mkono wake, mdomo wazi kidogo, anakoroma.

"Nimeruka na waliotapika," alisema mwalimu, "na walioimba, na mmoja aliyeniomba nimwoe. Aliyelala sijapata kumwona." Akaamua asimwamshe. Akauzungusha mwavuli kwa miduara mipana badala ya ile mikali inayopendwa na vijana, akamleta hivyo hivyo, kama mtu aliyebeba mtoto kutoka kwenye basi.

Hapo sasa niliona mwenyewe. Niliuona mwavuli wa njano unashuka pole pole kuliko yote, nikaona miguu ya mdogo wangu inaning'inia haina habari. Karibu na nyasi nikamsikia mwalimu anasema, "Mama. Miguu." Akashtuka, na miguu yote miwili ikapanda mbele yake, imenyooka, ikakaa huko. Haukurudi hata mmoja. Wakateleza juu ya nyasi kwa makalio, mwavuli ukawaangukia nyuma. Nilipofika alikuwa bado ameinua miguu.

"Unaweza kuishusha sasa," mwalimu alimwambia.

"Ngoja kidogo," alisema.

Jumapili alasiri tukakaa. Kaka aliletwa kwenye kiti cha magurudumu mpaka sebuleni, kupita pale koridoni penye kitanda chake ikabidi kiti kiinamishwe. Alikuwepo mwanawe, alikuwepo mke wa mwanawe ambaye macho yalikuwa mekundu kwa kazi ya kufungasha vyombo, nilikuwepo mimi. Nipo alikuwa ameoga, amekaa kwenye kochi, mikono mapajani. Sijui kama wengine waliona, lakini hakuwa amekwenda jikoni tangu tufike. Chai ilitengenezwa na mke wa kijana.

Kijana akaanza kwa heshima zote. Akaeleza uhamisho, akaeleza ngazi. "Shangazi mkubwa ana magoti," alisema akinielekea, "na shangazi mdogo sasa amestaafu, ana nafasi, na mgonjwa anamjua. Kwa hiyo nadhani tumeshakubaliana, kilichobaki ni kukifunga kitanda. Au vipi, shangazi? Uko tayari?"

Hakujua alichokisema. Nilimwona Nipo anainua kichwa.

"Hapana," alisema.

Tukangoja, kwa sababu sote tulidhani kuna kitu kinachofuata. Hakikufuata.

"Hapana nini, shangazi?" kijana akauliza.

"Hapana."

"Ni siku ndiyo mbaya, au…"

"Hapana," alisema tena, bila ukali, akakunja mikono yake yenye alama na kutulia.

Nasema ukweli, nyumba ile haikujua la kufanya. Mke wa kijana alimwaga chai kwenye sahani. Katika vikao vyote vya familia yetu tulikuwa tumepanga kila kitu, mazishi, mashamba, ada za watoto, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuandaa kitakachofanyika Nipo akikataa. Kijana akanigeukia mimi kama anayeomba tafsiri. Akafungua mdomo kumbembeleza, nikainua kidole. "Haulizwi sababu," nikasema. "Na habembelezwi."

Hapo Kaka akaanza kutikisika. Tukadhani ni ugonjwa umempanda. Alikuwa anacheka, kwa ule upande mmoja uliobaki kucheka. "Na mimi," alisema, maneno yanateleza, "mbona hakuna aliyeniuliza? Nimekuwa jokofu?"

Kweli hakuna aliyekuwa amemwuliza. Nikamtazama yule mtoto niliyembeba mgongoni, mate yanamtoka kwenye kona ya mdomo, nikahesabu moyoni chumba changu cha pili, cherehani ipite wapi, mlango wa choo unafunguka upande gani. Nimechoka na mimi. Lakini hakuna aliyenisukuma, neno lililofuata nililisema kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Uko tayari kukaa kwangu?" nikamwuliza.

"Kwako? Wewe utanigombeza kutwa."

"Nitakugombeza."

Akafikiri sana, au ulimi ulikuwa unachelewa. "Ndiyo," alisema.

Tukapanga mengine bila shida. Kijana atatafuta mtu wa kumwogesha asubuhi, maana mgongo wangu haubebi mwanamume, na mwisho wa wiki mmoja wao atakuja. Wakakitoa kitanda koridoni kipande kwa kipande. Walipolishika godoro, Kaka akapiga mkono wa kiti. "Hilo liacheni," alisema. Mwanawe akamwambia, baba, utalalia nini. "Dada ana godoro la marehemu mumewe. Hilo libaki hapo." Hakumtazama Nipo alipokuwa anasema, na Nipo hakumshukuru. Alisogea tu ukutani lipite kuelekea chumbani kwake. Lilipita vizuri. Mlango alikuwa ameshaupima.

Siku hizi Kaka yuko kwangu. Tunagombana kuhusu redio. Cherehani iko sebuleni, mgeni akija anakaa kati ya vitambaa. Mgeni mwenyewe mara nyingi ni Nipo, anakuja alasiri akiwa amelala mchana, uso una alama za mto. Anakaa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, namletea chai. Sijazoea bado kumpelekea yeye chai, na yeye hajazoea kuipokea, anakishika kikombe kwa mikono miwili kama amepewa amshikie mtu.

Jana tulikuwa tumekaa hivyo. Kaka akaita kutoka chumbani. Hakuita jina la mtu, aliita tu, kama mama alivyokuwa akiita. Niliona mguu wa mdogo wangu ukitangulia, kisigino kimeshakandamiza sakafu. Kisha akakumbuka. Akaiinua miguu yote miwili, akainyoosha mbele yake hewani, akaiacha huko, chai imetulia mapajani.

Nikajishika magoti, nikainuka.